Laini Nyingi, Watu Wangapi?

Barazani, ndani ya vyombo vya usafiri, na hata misibani watu wanapokaa wakingoja jeneza litoke, limo swali moja ambalo nimekwisha kulisikia mara nyingi hata nikaona halina budi kupewa sura yake katika kitabu hiki: maadamu siku hizi mchungaji ana simu, mvuvi ana simu, na bibi kizee anayeuza vitumbua mlangoni pake ana simu, huyo anayesemwa kwamba ameachwa nyuma na mambo ya kidijitali ni nani, na yuko wapi asionekane?

Anayeuliza hivyo hana ubaya, kwa sababu anasema alichokiona. Nami nilikuwa na mawazo kama yake hadi asubuhi moja mjini Tanga, niliposimama kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu nikingoja zamu yangu, na mbele yangu akiwapo bibi mmoja ambaye umri wake ulikwisha kupita sabini. Alifungua fundo la upindo wa kanga, akatoa simu ndogo ya kubonyeza iliyozungushiwa mpira ili betri isidondoke, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akavitia vyote viwili mkononi mwa kijana wa kibandani. "Nitazamie, mwanangu, kama mjukuu ameleta." Kijana akamwamkia, akaikunjua karatasi, akabonyeza nambari nne zilizoandikwa humo, akasoma, akamhesabia noti zake, kisha akamrudishia simu na karatasi kwa pamoja. Bibi akazipapasa noti moja moja, akashukuru, akaenda zake. Haikupita dakika tatu, wala sikuona hila yoyote kwa yule kijana, ambaye alikuwa na adabu na subira.

Sasa tuitazame asubuhi ile kwa macho ya mwenye kuweka hisabu. Laini ya yule bibi iko hai, mkoba wake wa pesa za simu unatumika, pesa zimeingia na zimetoka, na mwenyewe ni mwanamke, ni mzee, na yumkini ni fukara. Kwa hiyo katika kila daftari la nchi atatiwa alama ya kuwa amekwisha kuingizwa. Walakin ukimwuliza amebakiwa na shilingi ngapi ndani ya ile simu, hana jibu, kwa kuwa anayejua ni kijana wa kibandani.

Jambo tunalotaka kulipima huitwa ujumuishi wa kidijitali, na maana yake ni hali ya mtu kuweza kuzifikia simu, kompyuta na intaneti, kumudu gharama zake, kujua namna ya kuzitumia, na kuzitumia kwa jambo lenye faida kwake pasipo kuhatarisha mali yake wala siri yake. Wanyonge tunaowakusudia ni wale ambao aghalabu hubaki mwisho wa safu, yaani wazee, watu wenye ulemavu, wanawake wasio na kipato chao wenyewe, mafukara, wakimbizi, na wakaao mbali na barabara na umeme. Na kupima ni kupima: anayeuza mchele kwa kibaba na anayeuza kwa pishi hawatapata idadi moja, ingawa gunia ni lilelile.

## Laini si mtu

Kipimo kinachotajwa mara nyingi kuliko vyote ni idadi ya laini za simu, na sababu yake si ya ajabu, kwani makampuni yanayo idadi hiyo tayari kila mwezi na hakuna haja ya kumtuma mtu kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Lakini kipimo hiki kina kasoro kubwa, na sijui mfano unaoionyesha kasoro hiyo vizuri zaidi kuliko ule wa Kenya mwaka 2019.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti mwaka huo Kenya ilihesabu watu wake, na makarani wa sensa walikwenda na vishikwambi, yaani vile vyombo vya kioo vinavyoshikwa mkononi, vikubwa kuliko simu, ambavyo majibu huingizwa humo badala ya kuandikwa katika karatasi. Watu wote walikuwa 47,564,296. Mwaka huohuo laini za simu zilizokuwa hai nchini humo zilizidi milioni 50. Mwenye kuzitazama hisabu hizi mbili tu atasema kwamba kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, ana laini yake, na nyingine zimesalia.

Lakini makarani wale hawakuhesabu laini, bali waliuliza juu ya watu. Katika wote wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliokuwa na simu yao walikuwa 20,694,315, sawasawa na asilimia 47.3, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Insafu inataka tukumbuke kwamba humo wamo watoto wadogo ambao hakuna anayetazamia wawe na simu, kwa hiyo asilimia ya watu wazima ingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo, baina ya laini milioni 50 na watu milioni 20 pana nafasi pana mno.

Nafasi hiyo imejazwa na nini? Imejazwa na mfanyabiashara mwenye laini tatu, moja kwa kila kampuni, kwa kuwa kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi kuliko kuvuka kwenda mwingine. Imejazwa na wakala mwenye laini ya kazi na laini ya nyumbani. Imejazwa hata na laini zisizo na mtu, zilizotiwa ndani ya mashine za malipo za madukani na ndani ya vyombo vya kufuatilia magari. Mwenye nacho huhesabiwa mara tatu na asiye nacho hahesabiwi hata mara moja, na wakichanganywa hutoka wastani unaoridhisha.

Imo pia kasoro ya pili, ambayo imefichika zaidi. Sensa ileile ilionyesha wanawake wenye simu 10,425,040 na wanaume 10,268,651, yaani wanawake walizidi kidogo. Lau tungeishia hapo, tungesema shauri la wanawake limekwisha. Lakini simu ni ya namna gani? Ile wanayoiita kabambe nchini Kenya, na kitochi huku Tanzania, hupiga na kupokea, hutuma pesa na kumulika njia, basi; simu janja ya kupangusa ndiyo yenye kumfikisha mtu kwenye intaneti kwa ukamilifu wake. Hisabu ya GSMA, ambacho ni chama cha makampuni ya simu duniani, ilionyesha kwamba mwaka 2023, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa pungufu ya ule wa mwanamume kwa asilimia 15. Usawa wa vyombo hauzai wenyewe usawa wa matumizi.

Na jina lililo katika laini, je, ni jina la anayeitumia? Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, na kila raia mwenye laini alitakiwa awe na nambari ya kitambulisho cha taifa. Muda uliwekwa uishe tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Usajili huo ulikuwa na sababu zake za usalama, ambazo sizibezi. Ila mzee ambaye nambari yake ya kitambulisho ilichelewa, au ambaye vidole vyake vimesagwa na jembe na mwani hata mashine haivitambui, alisajiliwa kwa jina la mwanawe au la mjukuu, kwa kuwa maisha hayangoji. Tangu siku hiyo, katika daftari la kampuni, anayepokea pesa za matibabu ni barobaro wa miaka 24, ilhali kwa hakika ni ajuza wa miaka 73. Mtafiti atakayeligawa daftari hilo kwa jinsia na umri, naye akidhani anafanya kazi ya uhakika, atakuwa amemtoa yule ajuza katika hisabu kwa mikono yake mwenyewe.

## Mtumiaji ni nani?

Basi tuache laini tuhesabu watumiaji. Umoja wa Mawasiliano Duniani, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na mambo haya, ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 5.5, yaani asilimia 68 ya watu wote, walitumia intaneti. Hiki ni kipimo bora kuliko cha laini, kwa sababu kinamtafuta mtu. Lakini sharti tuujue ukubwa wa kibaba chake: mtumiaji, kwa kanuni yao, ni yeyote aliyeitumia intaneti, mahali popote na kwa chombo chochote, japo mara moja, ndani ya miezi mitatu iliyopita.

Zipo nyumba nyingi za pwani yetu zenye ndugu Muscat, na siku ya Idi simu hupigwa ya picha, watu wakaonana nyuso. Kijana huishika simu, huielekeza kwa nyanya yake aliyeketi kitandani, naye nyanya huuona uso wa kitukuu ambaye hajapata kumbeba, akamwombea dua, akafuta machozi kwa leso. Furaha ile ni ya kweli, na mimi siipunguzi hata chembe. Lakini karani akija wiki ya pili akauliza, "Je, katika miezi mitatu iliyopita umetumia intaneti?", jibu la haki ni lipi? Akiandikwa ndiyo, atakaa safu moja na mwanafunzi wa chuo anayeitumia tangu alfajiri hata usiku. Akiandikwa hapana, yatakuwa yamefutwa machozi yale.

Kwa ajili ya mashaka kama haya walitokea watu waliosema kwamba kipimo kiwe kizito zaidi. Mwaka 2020 kundi moja lililotetea unafuu wa intaneti lilitoa masharti manne ya kile lililokiita muunganisho wenye maana, yaani matumizi yanayoweza kumfaa mtu kweli:

- aitumie intaneti kila siku;
- awe na simu janja;
- kasi iwe angalau ya mtandao wa 4G;
- awe na mahali pamoja, nyumbani, kazini au shuleni, anapoweza kuitumia bila kuhesabu bando.

Ukiyaweka masharti haya juu ya kijiji chochote cha bara au cha visiwani, utaona jinsi idadi inavyoporomoka. Nayapenda kwa sababu ni makali. Ila yana upungufu, nao ni kwamba hayaulizi kitu juu ya mkono unaobonyeza, na tutarudi kwenye jambo hilo.

## Tulipofika

Kwa maneno machache: kuhesabu laini ni kuwahesabu wenye nacho zaidi ya mara moja, kuhesabu majina ya usajili ni kumhesabu mjukuu mahali pa bibi, kuhesabu watumiaji wa miezi mitatu ni kumweka anayetazama pamoja na anayetenda. Kila kimoja kina faida yake kwa kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kwa kumfikiria mnyonge.

## Swali huzaa jibu lake

Hapa sharti tukae kidogo, kwa kuwa hakuna mahali ambapo namna ya kuuliza huharibu hisabu kama katika habari za watu wenye ulemavu.

Mwaka 2009 sensa ya Kenya ilikuta kwamba watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 3.5. Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, sensa ikakuta asilimia 2.2 kwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Je, walipungua? Hasha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani kote ni watu bilioni 1.3, takriban mmoja katika kila sita. Kilichobadilika Kenya ni swali, na umri wa waliotiwa katika hesabu, na mstari uliochorwa baina ya huyu na yule.

Ukimwuliza mtu, "Je, una ulemavu?", au baya zaidi ukimwuliza baba mwenye nyumba, "Je, humu yumo mlemavu?", utapata jibu lililopita katika aibu, katika hofu ya majirani, na katika dhana ya kwamba ulemavu ni kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe tu. Kwa sababu hii lilikusanyika kundi la wanatakwimu tangu mwaka 2001, linalojulikana kwa jina la Kundi la Washington, likatunga maswali mafupi sita yasiyolitaja kabisa neno ulemavu. Huulizwa kama mtu hupata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu kwa lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Anayejibu moja ya hayo mawili ya mwisho, japo katika swali moja, ndiye huhesabiwa.

Maswali haya Kenya iliyatumia mwaka 2019, na bado idadi ikawa ndogo. Kwangu mimi funzo lililomo ni kwamba swali zuri halitoshi ikiwa anayejibu si mwenyewe, au karani ana haraka ya kwenda nyumba ya pili.

Lakini tuseme tumempata mtu asiyeona, tukamwandika sawasawa. Ujumuishi wake utapimwa kwa nini? Simu janja ina programu ya kusoma kwa sauti kila kilicho juu ya kioo, na mwenye kuizoea huandika na kutuma kwa wepesi unaomshangaza mwenye macho. Kitochi hakina kitu hicho. Kwa hiyo asiyeona aliye na uwezo anasimama mwenyewe, na asiyeona aliye fukara anahitaji macho ya mtu mwingine kila anapotaka kujua salio lake, na dodoso linalouliza tu "Una simu?" litawaandika wote wawili kwa herufi moja. Kadhalika na wazee: ile huduma ya kubonyeza nyota, nambari na reli, ambayo ndiyo mlango wa pesa za simu kwa wengi wetu, hufunguka kwa muda mfupi tu, kisha hujifunga yenyewe. Anayesoma polepole, au anayelazimika kusogeza simu karibu na mbali mpaka herufi zitulie, hufungiwa nje akiwa katikati ya kazi, akaanza upya, akafungiwa tena, hata mwisho akakata tamaa na kumpa kijana. Mtu huyu akiulizwa kama anajua kutumia pesa za simu, atasema anajua, na kweli anajua, ila mashine ina haraka kuliko macho yake.

Nimeona orodha za kupimia maarifa ya kidijitali zinazotumiwa na mataifa mengi. Huuliza kama mtu amewahi kunakili waraka na kuuhamisha, kutuma barua pepe yenye kiambatisho, kuandika kanuni ya hisabu katika jedwali la kompyuta. Ni orodha za mtu wa ofisini. Mama anayepokea oda za chakula kwa ujumbe wa sauti, akajibu kwa sauti, akapokea malipo na kuyakagua kabla ya kufunga bakuli, hapati alama hata moja humo. Sioni ni kwa hoja gani maarifa yake yahesabiwe kuwa si maarifa.

## Bei na wastani

Tume ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya intaneti iliweka shabaha mwaka 2018 kwamba bei ya intaneti ya kiwango cha mwanzo isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Shabaha ni nzuri, na imesaidia kuzibana bei. Lakini tuchukue mfano wa kijiji cha watu kumi, tisa kati yao wakipata shilingi 50,000 kwa mwezi kila mmoja, na wa kumi akipata 1,550,000. Jumla ni milioni 2, na wastani ni 200,000. Bando la shilingi 4,000 ni asilimia 2 kamili ya wastani huo, kwa hiyo kijiji kimefaulu. Ila kwa kila mmoja wa wale tisa, 4,000 ni asilimia 8 ya pato lake, na hapo hajalipa dukani kuchajisha simu, wala hajalipia chombo cha kumfikisha mahali penye mtandao, wala hajakata pesa ya kununua simu yenyewe. Wastani umepatikana ndani ya kijiji ambacho hakuna hata mtu mmoja anayeupata.

Basi bei ipimwe kwa pato la mtu wa chini kabisa.

## Asiyekuwapo na lake halipo

Tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kutembeleana, tafiti nyingi zilihamia kwenye simu, na baadhi yake zimebaki huko kwa kuwa ni rahisi na za haraka. Kwa mambo mengi hapana ubaya. Lakini kumpigia mtu simu ili kumwuliza kama ana simu ni sawa na kwenda msikitini kuhesabu wasioswali. Utawapata wote wanaswali. Fauka ya hayo, simu ya mchana hupokewa na mwenye simu, na mwenye simu nyumbani aghalabu ni baba, naye ndiye hujibu kwa niaba ya mkewe, mamaye, na binti yake aliye kiziwi.

Hata wanaokwenda nyumba kwa nyumba huwakosa watu, kwa sababu si kila mtu ana nyumba ya kubishwa hodi. Wavuvi walio dago, ambao hukaa miezi katika vibanda vya makuti juu ya ufuo usio wao wakifuata msimu wa samaki. Wakimbizi ndani ya makambi kama Nyarugusu na Kakuma, ambao kwa nyaraka wanazoshika kila usajili ni mtihani. Watoto wa kazi za ndani, wanaolala jikoni na ambao mwenye nyumba hawataji akihesabu watu wake. Hawa wote ndio hasa tuliokusudia kuwapima, na ndio wa kwanza kuanguka katika matundu ya chekeche.

Ipo pia habari ya ramani. Makampuni huonyesha ni sehemu gani za nchi zimefikiwa na mtandao, na watu hudhani kwamba shida imebaki kule kusikofika mnara. Sivyo. Duniani leo wanaoishi ndani ya mtandao na hawatumii intaneti ni wengi mno kuliko wale ambao mtandao haujawafikia. Mnara unaweza kusimama nyuma ya nyumba, na kivuli chake kikaanguka uani, na mwenye nyumba asiwe na kitu nao.

## Nani alikubonyezea?

Baada ya kuzitazama mizani hizi zote, nimefika kwenye swali moja ambalo natamani liongezwe katika kila dodoso, nalo ni hili: mara ya mwisho ulipotuma au kupokea kitu kwa simu, nani alikubonyezea? Silitoi kwa kudharau msaada. Sisi ni watu wa kusaidiana, na wazee wetu walikuwa na mwandishi wa barua aliyekaa na meza yake nje ya posta, akasikiliza, akaandika, akasoma jibu lilipokuja, na hakuna aliyesema kwamba mwenye barua ameachwa nyuma. Lakini mwandishi wa barua alijua habari tu, hakukabidhiwa ufunguo wa kasha. Anayebonyeza nambari ya siri leo anajua habari na ameshika ufunguo pia, na kesho anaweza kuwa mwingine.

Kwa hiyo majibu yasiwe ndiyo na hapana. Yawekwe kwa daraja, mathalani hivi:

1. Hutumia mwenyewe, na siri yake anaijua peke yake.
2. Husaidiwa na mtu aliyemchagua, na anaweza kumbadilisha apendapo.
3. Hufanyiwa na mtu mwingine, naye hawezi kujua kilichofanyika.
4. Hutumia laini yenye jina la mtu mwingine.
5. Hatumii kabisa, naye aulizwe kama ni kwa kutaka au kwa kukosa.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Wapo wazee wasiotaka simu, wenye akili zao timamu, na staha inataka waachwe. Kuwahesabu kuwa ni maradhi ya kutibiwa ni kuwavunjia heshima.

Tena ni vema kupima kwa kutazama kuliko kwa kuuliza tu. Mtu apewe simu yake mwenyewe, aombwe atazame salio, na karani akae kimya ahesabu dakika, asisaidie. Ni kazi ya polepole, na ina gharama, na haitafanyika kwa watu milioni. Itafanyika kwa watu mia chache waliochaguliwa kwa uangalifu, wakiwamo wa dago na wa jikoni, na itatueleza zaidi kuliko daftari lote la laini.

Na hakuna haja ya kungoja tafiti kubwa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016, kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini sawa. Ofisi yoyote yenye fungu kama hilo, popote ilipo, ikifikiri kulipa kwa simu, ingefaa kwanza ikae na wazee ishirini wa shehia moja na kuwauliza swali hili la mkono unaobonyeza, kabla ya kununua mtambo. Wale wa daraja la kwanza na la pili walipwe kwa simu. Wale wa daraja la tatu na la nne, pesa yao ikiingia simuni, itakuwa imeingia kwa mtu mwingine, na hati ya malipo itaonyesha kwamba mzee amelipwa.

Yule bibi wa Tanga nilimfuata siku ile, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja, nikambebea kikapu. Nikamwuliza kwa taratibu kama ile nambari ya kwenye karatasi aliichagua mwenyewe.

"Alichagua mjukuu wangu, yule aliye Dar es Salaam," akasema. "Ndiye aliyeniletea simu. Ni mwaka aliozaliwa yeye, ili asiusahau."

Nikamwuliza kama yeye naye anaikumbuka.

"Mimi sisomi, mwanangu. Ndiyo maana akaniandikia."

Tukafika mlangoni pake. Akafungua fundo, akahakikisha karatasi imo, akalifunga tena.